Kwa nini Bunge la Uingereza lilishinda 1689 na si 1649?

Msomaji anayefundisha historia kidato cha tano ameuliza hivi: Bunge la Uingereza lilipigana na mfalme, likamshinda, likamkata kichwa mwaka 1649. Miaka 11 baadaye ufalme ukarudi kama kawaida. Kisha mwaka 1689, karibu bila vita ndani ya England, Bunge likapata madaraka ambayo halikunyang'anywa tena. Ushindi wa pili ulikuwa na nini ambacho wa kwanza ulikosa? Dini iliingia wapi? Na haya yanahusiana vipi na Bunge letu la Tanzania?

Swali ni zuri, na jibu langu ni fedha. Dini ndiyo iliyowafanya watu wamwogope mfalme. Suala la mrithi ndilo lililowalazimisha wachukue hatua mwaka 1688 badala ya kusubiri. Lakini kilicholifanya Bunge likutane kila mwaka tangu 1689 ni namna lilivyomgawia mfalme fedha. Vitabu vingi vya shule vinaweka uzito wote kwenye Sheria ya Haki ya 1689. Ni sheria kubwa, ila ukiisoma kifungu kwa kifungu hutaona mahali panapomlazimisha mfalme kuitisha Bunge mwaka huu au mwaka ujao. Inasema tu kwamba mabunge yakutane mara kwa mara, na "mara kwa mara" mfalme angeweza kuipima apendavyo.

Tuanze na ushindi wa kwanza. Charles wa Kwanza alitawala kuanzia 1629 hadi 1640 bila kuitisha Bunge hata mara moja. Alijiendesha kwa mapato ambayo hayakuhitaji kura ya mtu. Lililolalamikiwa zaidi ni fedha ya meli, toza ya zamani ya miji ya pwani kwa ajili ya jeshi la majini, ambayo mwaka 1635 aliieneza hadi wilaya za bara. Tajiri mmoja, John Hampden, aligoma kulipa. Kesi ikasikilizwa na majaji 12: 7 wakampa mfalme ushindi, 5 wakawa upande wa Hampden. Utawala huo ungeweza kuendelea miaka mingi kama mfalme asingegusa ibada. Mwaka 1637 yeye na Askofu Mkuu William Laud waliwaletea Waskoti kitabu kipya cha sala, nao Waskoti, ambao wengi wao walikuwa Wapresbiteri, walikiona ni Ukatoliki uliovishwa kanzu nyingine. Ghasia zilianzia ndani ya kanisa la St Giles, Edinburgh, Julai 1637. Februari 1638 wakatia saini Agano la Kitaifa, kisha wakakusanya jeshi. Fedha ya meli haikutosha kuendesha vita, na ndiyo maana mwaka 1640 Charles alilazimika kuliita Bunge.

Bunge hilo lilifanya kazi kubwa mwaka 1641. Liliiharamisha fedha ya meli, likafuta mahakama ya siri iliyoitwa Star Chamber, likapitisha sheria ya kukutana angalau mara moja kila miaka 3. Charles alizitia saini zote. Shika hilo la saini, maana ndilo lililoamua nini kitadumu.

Baada ya vita kuanza Agosti 1642 hakukuwa tena na saini ya mfalme, na polepole nguvu ikahama kutoka ukumbini kwenda kambini. Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride alisimama na askari kwenye mlango wa Baraza la Makabwela (wabunge wa kuchaguliwa, ingawa wengi wao walikuwa matajiri wa mashamba) akiwa na orodha ya majina. Mbunge aliyeonekana kutaka mapatano na mfalme alizuiwa kuingia au alikamatwa. Mabaki ya Bunge hilo ndiyo yaliyounda mahakama ya kumhukumu mfalme. Hati ya kifo ina saini 59, na mfalme alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649 mbele ya Jumba la Karamu, Whitehall. Kwa hiyo wanafunzi wako wanapoandika kwamba "Bunge lilimuua mfalme," warekebishe: ni jeshi, likitumia Bunge lililochujwa mlangoni. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Aprili 1653, jeshi hilohilo chini ya Oliver Cromwell liliyafukuza na hayo mabaki. Kodi za miaka hiyo, tozo ya kila mwezi na ushuru wa bidhaa kama bia, ziliwaelemea watu kuliko fedha ya meli ilivyowahi kuwaelemea.

Cromwell alikufa Septemba 1658, mwanawe hakulimudu jeshi, na Mei 1660 Charles wa Pili akarudi. Wanasheria wakauliza swali moja tu kuhusu kila sheria ya miaka 20 iliyopita: je, mfalme aliitia saini? Zile za 1641 zilizopata saini zilibaki, isipokuwa zilizofutwa kwa sheria nyingine. Zote za baada ya 1642 zilihesabiwa si kitu. Bunge la wakati wa vita lilishinda kwa upanga, na kisheria halikuacha chochote cha kushika.

Fedha nayo ilipangwa vibaya, na hapa ndipo wengi wanapita haraka. Mwaka 1660 wabunge walikadiria kwamba serikali ya mfalme inahitaji pauni milioni 1.2 kwa mwaka. Wakampa ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kwa maisha yake yote, na mwaka 1662 wakaongeza kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko ndani ya nyumba. Miaka ya mwanzo mapato hayakufika kiwango hicho, kwa hiyo mfalme alikuwa na shida na Bunge likawa na sauti. Lakini ushuru wa forodha hukua biashara ikikua. Kufikia miaka ya 1680 bandari zilijaa sukari, tumbaku na vitambaa, na mfalme yuleyule, kwa viwango vilevile, alikuwa anajitosheleza. Ukimpa mtawala chanzo cha mapato kwa maisha, humpi kiasi cha leo tu. Unampa na ukuaji wote wa kesho.

Sasa dini na urithi. Charles wa Pili hakuwa na mtoto wa ndoa. Mrithi alikuwa mdogo wake, James, ambaye alikuwa Mkatoliki, na nchi ilikuja kulijua hilo kwa sababu ya Sheria ya Jaribio ya 1673. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye cheo cha serikali au jeshi ashiriki Meza ya Bwana katika Kanisa la Uingereza ndani ya miezi 3, alete cheti kilichosainiwa na mchungaji na mzee wa kanisa, ale kiapo mahakamani, kisha atangaze kwamba haamini mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu ya Kristo. James alikuwa mkuu wa jeshi la majini. Badala ya kutimiza masharti hayo alijiuzulu, na kila mtu akaelewa.

Hofu ya Ukatoliki inahitaji kuelezwa kwa haki, maana kwa msomaji wa leo inaonekana chuki tupu, na kwa kweli chuki ilikuwamo nyingi. Wakatoliki wa England walikuwa sehemu ndogo sana ya wananchi. Waingereza waliogopa zaidi mfano wa Ufaransa, ambako Louis wa Kumi na Nne alitawala bila bunge, akiwa na jeshi kubwa la kudumu, na mwaka 1685 alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti wake, wakakimbilia London na Amsterdam kwa maelfu. Kichwani mwa mbunge wa kawaida Ukatoliki, jeshi la kudumu na kodi bila kura vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1678 mwongo mmoja, Titus Oates, alitangaza kwamba kuna njama ya Wakatoliki ya kumuua mfalme. Watu wasio na hatia walinyongwa kwa maneno yake.

Kuanzia 1679 hadi 1681 wabunge wakiongozwa na Earl wa Shaftesbury walijaribu mara tatu kupitisha sheria ya kumwondoa James kwenye urithi. Hapo ndipo yalipozaliwa majina Whig, waliotaka aondolewe, na Tory, waliosema urithi ni wa Mungu na haupigiwi kura. Novemba 1680 muswada ulifika Baraza la Malodi (wakuu wa kurithi vyeo pamoja na maaskofu) ukakataliwa kwa kura 63 dhidi ya 30. Machi 1681 mfalme aliita Bunge likutane Oxford, mbali na umati wa London, akalivunja baada ya wiki moja. Hakuitisha jingine hadi alipokufa Februari 1685. Sheria ya 1664 ilisema miaka mitatu isipite bila Bunge, ila haikuwa na kipengele cha kumlazimisha, na akiwa na forodha iliyonenepa pamoja na fedha za siri kutoka kwa Louis, hakumhitaji mtu.

James wa Pili alianza vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Bunge lake la 1685 lilijaa Tory waaminifu. Lilimpa mapato yote ya kaka yake kwa maisha, likaongeza ushuru wa sukari na tumbaku, na jumla ikakaribia pauni milioni 2 kwa mwaka. Ndugu msomaji, ukitaka kujua aliwezaje kujaribu aliyoyajaribu, jibu ni kura hiyo. Kwa fedha hizo aliongeza jeshi hadi askari wapatao 20,000 mwaka wake wa kwanza, akateua maofisa Wakatoliki kinyume cha Sheria ya Jaribio, na Bunge lilipolalamika Novemba 1685 akaliahirisha. Halikukutana tena.

Alihitaji hukumu ya kumhalalishia uteuzi huo. Akawafukuza majaji waliokuwa wakipinga, kisha Juni 1686, katika kesi ya Godden dhidi ya Hales, majaji 11 kati ya 12 wakasema mfalme ana uwezo wa kumsamehe mtu asifungwe na sheria fulani. Mwaka 1687 akapita hapo: akatangaza kusimamisha sheria zote za adhabu dhidi ya Wakatoliki na Waprotestanti walio nje ya Kanisa la Uingereza. Tangazo lenyewe, uhuru wa kuabudu, ni jambo ambalo wengi wetu tungeliunga mkono, na siwaungi mkono wanaomchora James kama jini. Kilichowatisha watu ni njia. Mfalme anayeweza kusimamisha sheria ya dini kwa tangazo anaweza kesho kusimamisha sheria ya kodi.

Mwaka 1688 aliagiza tangazo hilo lisomwe makanisani. Maaskofu 7, akiwemo Askofu Mkuu William Sancroft, walimwandikia ombi la kuomba wasilazimishwe. Akawashtaki. Tarehe 30 Juni baraza la wazee wa mahakama (jury) liliwaachia huru, na askari wa mfalme mwenyewe waliokuwa wamepiga kambi Hounslow Heath wakashangilia.

Hata hivyo, yote hayo yasingetosha kumng'oa. Mpaka masika ya 1688 Waprotestanti walikuwa na hesabu rahisi: James ana miaka 54, warithi wake ni binti zake wawili wa mke wa kwanza, Mary na Anne, wote Waprotestanti, na Mary ameolewa na William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi. Wakivumilia miaka kadhaa, tatizo litakufa pamoja na mfalme. Tarehe 10 Juni 1688 mke wa pili wa James, Mary wa Modena, Mkatoliki, akajifungua mtoto wa kiume. Kwa sheria ya urithi ya wakati huo mtoto wa kiume aliwatangulia dada zake wakubwa. Kichanga hicho kiliifuta hesabu yote.

Ukazuka uvumi kwamba malkia hakuwa na mimba, kwamba mtoto wa mtu mwingine aliingizwa chumbani ndani ya kipashajoto cha kitanda, chombo cha shaba chenye mfuniko na mpini mrefu kinachotiwa makaa. Ulikuwa uongo. Chumba kilijaa watu, na Oktoba mfalme aliwaleta mashahidi wapatao 40 mbele ya baraza lake kueleza walichokiona. Lakini watu waliuhitaji uongo huo: Tory aliyeapa kwamba urithi ni wa Mungu angeweza kumkana mtoto bila kuukana urithi.

Siku ileile maaskofu walipoachiwa, wakuu 7 walimwandikia William barua ya siri wakimwalika aje na jeshi. William alikuja kwa sababu zake. Alikuwa anajiandaa kupigana na Louis na alitaka fedha na meli za Uingereza ziwe upande wake. Alishuka Torbay tarehe 5 Novemba na askari wapatao 15,000, labda zaidi. James alikuwa na jeshi kubwa kuliko lake Salisbury, ila makamanda, John Churchill akiwa mmojawapo, wakahama usiku. Hata binti yake Anne akatoroka London. Tarehe 11 Desemba James alikimbia, akachoma hati za kuitisha uchaguzi na kuutupa Muhuri Mkuu katika mto Thames. Alijua alichofanya. Bila hati zenye muhuri hakuna uchaguzi halali, na bila uchaguzi hakuna Bunge. Wavuvi wakamkamata Kent, akarudishwa London, akaachiwa akimbie tena tarehe 23 Desemba, safari hii walinzi wakitazama pembeni makusudi.

Waliokwama walitatua hivi: William aliwaita malodi waliokuwapo mjini, wabunge wa zamani wa enzi za Charles wa Pili na viongozi wa Jiji la London. Hao wakamwomba atume barua za kuitisha uchaguzi. Kilichokutana tarehe 22 Januari 1689 kiliitwa Mkutano, si Bunge, na Februari kilijipitishia sheria ya kujigeuza Bunge. Mwanasheria makini angeweza kukipinga, ndiyo maana Bunge lililofuata lilithibitisha upya sheria zake.

Mjadala wa nani atawale ulikuwa na njia nne: kumrudisha James kwa masharti, kumwacha awe mfalme kwa jina na kumweka mtawala wa niaba, kumpa Mary peke yake, au kuwapa Mary na William pamoja. Makabwela walisema James amevunja mkataba kati ya mfalme na watu, "ameacha" utawala, na kiti ni kitupu. Malodi walikataa neno "kitupu" kwa siku kadhaa, na pendekezo la mtawala wa niaba lilianguka kwa tofauti ya kura chache sana. Ubishi ulikatwa na William, aliyewaambia kwamba hatakubali kuwa mume wa malkia tu, na wasipompa madaraka atarudi kwao. Tarehe 13 Februari 1689, ndani ya Jumba la Karamu, jengo lilelile ambalo nje yake Charles wa Kwanza alikatwa kichwa, Tamko la Haki lilisomwa mbele ya William na Mary, kisha taji likatolewa. Taji lilikuwa la wote wawili, lakini utendaji ni wa William peke yake. Desemba tamko hilo likawa Sheria ya Haki, na safari hii saini ya mfalme ilikuwapo.

Sheria hiyo inakataza kusimamisha sheria bila idhini ya Bunge, kukusanya fedha bila idhini ya Bunge, na kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Inalinda maneno ya mbunge: asishtakiwe popote nje ya Bunge kwa aliyosema ndani yake. Na ilipopitishwa ilisema Mkatoliki, au aliyefunga ndoa na Mkatoliki, atarukwa kwenye urithi kana kwamba amekufa.

Tuje kwenye kufuli lenyewe. Baadhi ya wabunge wa 1689 walikuwa ukumbini mwaka 1685 na walikumbuka kura yao. Walisema waziwazi kwamba mfalme asiyehitaji fedha hahitaji Bunge. Kodi ya meko ilifutwa. Mwaka 1690 ushuru wa forodha, uleule uliowanenepesha Charles na James, ulitolewa kwa miaka 4 tu, si kwa maisha. William alikasirika, akaona anaaminiwa kidogo kuliko mtu aliyekimbia, lakini alikuwa vitani na Louis na hakuwa na pa kwenda.

Vita hivyo, 1689 hadi 1697, vilikula takriban pauni milioni 5.5 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mapato ya James. Bunge likapitisha kodi ya ardhi ya shilingi 4 kwa kila pauni ya pango, yaani sehemu moja kwa tano, na kwa kuwa wabunge wenyewe ndio waliokuwa na ardhi, walitaka kujua kila senti inakwenda wapi. Mwaka 1691 wakaunda tume ya kukagua hesabu za serikali. Utaratibu wa mwaka ukajijenga: serikali inaleta makadirio; wabunge wanakaa kama kamati kuamua kiasi cha matumizi; wanakaa tena kama kamati kuamua kitapatikana kwa kodi gani; muswada unapita; mfalme anausaini mwishoni. Malalamiko yanasikilizwa kabla ya fedha kutoka.

Mwaka 1694 likaja jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kifungu chochote cha Sheria ya Haki. Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa kwa kuikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8, na fedha zilichangwa kwa siku chache tu. Linganisha na Januari 1672, Charles wa Pili alipositisha malipo ya hazina na kuwaacha masonara waliomkopesha zaidi ya pauni milioni 1 wakifilisika. Tofauti ni dhamana. Deni la 1672 lilisimama juu ya neno la mfalme. La 1694 lilisimama juu ya ushuru uliopitishwa kwa sheria ya Bunge, na mfalme hakuweza kuugusa. Vita vilipoisha deni lilizidi pauni milioni 16. Kuanzia hapo matajiri wa London wana sababu ya mfukoni ya kutaka Bunge lidumu na James asirudi, kwa sababu akirudi hatalipa deni la aliyempindua.

Jeshi lilifungwa kwa namna hiyohiyo. Machi 1689 kikosi kimoja kiliasi Ipswich, na Bunge likapitisha Sheria ya Uasi inayowapa makamanda mamlaka ya kuwahukumu askari kijeshi. Iliwekwa miezi michache tu, kisha ikawa inahuishwa mwaka hadi mwaka. Isipohuishwa, askari mtoro anashtakiwa kama raia wa kawaida. Wengine huandika kwamba sheria hii ndiyo iliyolazimisha mikutano ya kila mwaka. Wanazidisha: iliachwa ipitwe na muda kati ya 1698 na 1702, na jeshi halikusambaratika. Fedha hazikuachwa hata mwaka mmoja.

Urithi ulirudi mara ya mwisho mwaka 1700. Mary alikufa kwa ndui Desemba 1694 bila mtoto. Anne alipata mimba zisizopungua 17, na mtoto pekee aliyevuka utoto, Duke wa Gloucester, alikufa Julai 1700 akiwa na miaka 11. Sheria ya Urithi ya 1701 ikawaruka Wakatoliki zaidi ya 50 waliokuwa karibu zaidi kwa damu na kumchagua Sophia wa Hanover, Ujerumani, mjukuu wa James wa Kwanza, pamoja na uzao wake wa Kiprotestanti. Humohumo likawekwa fundisho la kesi ya Godden: jaji atashika kazi maadamu ana mwenendo mwema, na ataondolewa tu kwa ombi la mabaraza yote mawili. Sophia alikufa wiki chache kabla ya Anne mwaka 1714, hivyo mwanawe George ndiye aliyetawala. Mfalme aliyepata kiti kwa sheria ya Bunge hawezi kusema kiti chake ni cha Mungu peke yake. Mara ya mwisho mtawala wa Uingereza kukataa kusaini muswada ilikuwa Machi 1708, chini ya Anne.

Wanafunzi wasiachwe waamini kwamba haya yalikuwa mapinduzi yasiyo na damu. Kule Ireland yaliua maelfu ya watu, katika mapigano ya Boyne Julai 1690 na Aughrim Julai 1691, na Wakatoliki wa huko wakabaki na sheria za kuwanyang'anya ardhi na haki kwa zaidi ya karne. Sheria ya Uvumilivu ya 1689 iliwaruhusu Waprotestanti wengine wasali kwenye nyumba zilizosajiliwa. Wakatoliki haikuwagusa, na hawakuruhusiwa kukaa bungeni hadi 1829. Wapiga kura walikuwa wanaume wachache wenye mali. William aliendelea kuchagua mawaziri wake na kukataa miswada.

Kuhusu Bunge letu, kiungo ni cha moja kwa moja. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania, inayolinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni usihojiwe mahakamani, ni mtoto wa kifungu cha 1689. Ibara ya 138, kwamba kodi itozwe kwa mujibu wa sheria ya Bunge, vilevile. Wakenya wanayo ya 210. Bunge la Dodoma linapokaa kama Kamati ya Matumizi wakati wa bajeti linafuata utaratibu niliouandika hapo juu. Lakini soma na ibara ya 90: Bunge likikataa kuidhinisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge wa 1690 alizuia fedha akijua mfalme ndiye atakayeumia kwanza. Kwetu anayezuia anahatarisha kiti chake mwenyewe, na nadhani darasa lako litapata mjadala mzuri kwa kuziweka hali hizi mbili pamoja.

Jambo la mwisho, la tarehe, maana huwachanganya watahiniwa. Wakati huo mwaka wa kisheria England ulianza tarehe 25 Machi. Hati ya 13 Februari 1689 imeandikwa "1688," na kifo cha Charles wa Kwanza kimeandikwa "30 Januari 1648." Pia kalenda yao ilikuwa nyuma ya ile ya bara la Ulaya kwa siku 10, kwa hiyo William anaonekana akishuka Torbay tarehe 5 Novemba kwa Waingereza na tarehe 15 kwa Waholanzi. Mwanafunzi akikutana na miaka miwili kwa tukio moja, kati ya Januari na Machi, achukue ule mkubwa, kwa mfano 1689 badala ya 1688.